Mimi nakata hedhi, mwanangu anabalehe, na nyumba ni moja

Jamani mwaka jana kwangu hapa Tanga kulikuwa hakukaliki. Mi nina miaka 48, kijana wangu wa mwisho 14, yuko form one, na tunakaa na mama yangu mzazi ambaye keshapita 75.

Nlikuwa nagombana na huyu mtoto kwa vitu vya kijinga kabisa. Suruali ya shule nimenunua mwezi wa 1, mwezi wa 6 imeshapanda juu ya vifundo, wali wa nusu kilo anamaliza peke yake halafu anauliza kuna nini tena, usiku halali, asubuhi haamki. Siku moja nkamkuta anafua shuka usiku wa manane, nkasema tayari, huyu keshaanza mambo yake. Na mimi huku moto unanipanda toka kifuani mpaka usoni, jasho chapachapa, feni namba 3 haitoshi, na hedhi miezi mitatu sijaiona. Nkanunua kipimo cha mimba kwa siri duka la dawa la mtaa wa pili. Miaka 48 hiyo! Hakuna kitu.

Nesi wa kliniki alinipima presha, akaniuliza mawili matatu, akacheka. Mama, umri wa kukata hedhi huo, wengi unawakuta kati ya miaka 45 na 55, ila usiseme imekoma mpaka itimie miezi 12 mfululizo hujaona kitu. Akaniambia nivae nguo nyepesi za pamba na niiangalie chai ya moto, kuna watu ndo inawaamsha joto. Nlipomweleza na ya kijana akasema mwenzio naye anabalehe, wavulana wengi wanaanza kati ya miaka 9 na 14, na umri ule usingizi wenyewe unachelewa kuja, siyo ukaidi. Shuka nazo nkazielewa hapohapo, kumbe ni ndoto nyevu za kubalehe, aibu nkaona mimi.

Mama yangu akasema zamani haya yalikuwa yanasemwa jandoni. Kweli, wangu alitahiriwa hospitali akiwa mchanga, kidonda kikapona, basi, mafunzo hakuna. Msichana akivunja ungo angalau atatafutiwa somo, huyu wa kiume tunamuacha ajijue mwenyewe. Nkampigia kaka yangu, mjomba mtu, akaja Jumapili wakaenda zao Raskazone kule baharini, wamerudi magharibi. Walichoongea sijauliza mpaka leo. Mi nlimnunulia beseni lake na sabuni yake, sikusema neno.

Ya asubuhi nayo tukayapanga, uniform anapasi usiku, mabuku kwenye begi, namuita mara mbili tu siyo kumi. Na joto likinipanda nasema wazi, "Joto hilo, nakuja," natoka zangu barazani. Mwanzo nlidhani watanicheka. Sa hivi nikitoka tu namsikia, "Bibi, mama kapandwa joto," sauti inaanza nzito inaishia nyembamba kama kifaranga, bibi yake anacheka mpaka anakohoa, na nikirudi nakuta feni imegeuzwa upande wangu.

Mimi nlifika miezi saba bila kuona kitu nkajua namaliza. Wiki iliyopita ikarudi. Nimeanza tena kuhesabu toka moja.