Nilivyofuatilia midomo ya Malagarasi kwa picha za setilaiti

Kusini mwa Kigoma mjini, Mto Malagarasi hutawanyika kwenye mchanga na mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Nilitaka kujua ni mikono ipi ya mto inahama na ipi imetulia. Sikuwa na boti wala vifaa vya upimaji, nikategemea picha za setilaiti.

Setilaiti za Landsat za Marekani zimepiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zake ni za bure. Mimi nilianzia na za Landsat 5, iliyorushwa 1984, ambazo pikseli yake, yaani kila nukta ya picha, ni mita 30 ardhini. Za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu kwa hitilafu ya kifaa chake, nikaziacha. Miaka ya karibuni nilitumia Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zenye pikseli ya mita 10. Uchakataji niliufanya kwenye Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchakata picha za setilaiti: kazi nzito inafanyika kwenye seva zao, bando langu likaishia kupakua matokeo tu.

Kazi kubwa ilikuwa usawa wa maji. Ziwa hujaa hadi mwezi Mei hivi, kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba. Ukiweka picha ya Mei kando ya picha ya Oktoba utaapa kwamba mdomo umehama, kumbe ni fungu la mchanga lililofunikwa na kufunuliwa. Wanaochunguza delta ya Rufiji wana mtihani mgumu zaidi, maana setilaiti hupita karibu saa ileile huku bahari leo imejaa na safari nyingine imekupwa. Lazima washike jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Huku kwetu hakuna bamvua, lakini ziwa lina miaka yake. Kuanzia 2020 lilipanda hadi likaingia mialoni na kwenye nyumba za ufukweni. Kwa hiyo nilichukua picha za kiangazi pekee, halafu nikalinganisha miaka ambayo usawa wa ziwa ulikaribiana, kwa vipimo vya setilaiti za rada vilivyoanza 1992.

Kutenga maji na nchi kavu nilitumia MNDWI, kipimo kinacholinganisha mwanga wa kijani na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Maji hurudisha mwanga wa kijani na kumeza infraredi ya mawimbi mafupi, na infraredi hiyo hupenya vizuri hata moshi wa mioto ya kiangazi. Tatizo ni mafunjo: yakifunika mkondo, kipimo husema ni nchi kavu. Hapo nilihitaji wavuvi. Mzee mmoja wa Ilagala aliitazama ramani kwenye simu yangu, akaweka kidole penye kijani: “Hapa mwanangu mtumbwi unapita, maji yako chini.” Mkondo huo niliuchora kwa mkono kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, na kuuwekea alama yake, usichanganyike na ile iliyoonekana kutoka angani.

Na ukingo uliosogea chini ya pikseli mbili za Landsat, yaani mita 60, siuhesabu kuwa umehama.