Umefika ukurasa wa ngapi?

Kwa wiki tatu nilikuwa ukurasa wa 11 wa Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, na kila aliyeniuliza nasoma nini nilimjibu, "Namalizia Kezilahabi." Nilikuwa simalizii chochote. Kitabu chenyewe chembamba, kinaenea mfuko wa suruali, lakini kila asubuhi nikikifungua kwenye basi la mwendokasi, mpaka tunafika Magomeni nimeshasoma aya ileile mara nne. Macho yanakwenda, akili imebaki Kimara.

Uongo huo niliupeleka hadi kwa wenzangu wa vitabu. Tulikuwa watano, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye baraza ya mwalimu mmoja mstaafu, birika la kahawa katikati na kashata pembeni. Utaratibu wetu ulikuwa kila mtu aje na kitabu alichomaliza, aeleze kinahusu nini na kina funzo gani. Yaani tulikuwa tumeirudisha shule wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu kila mmoja alikuwa na akiba ya alivyosoma zamani. Wa tatu akiba ikaisha, zikaanza udhuru. Mmoja alifiwa na shangazi ambaye baadaye tulikutana naye harusini, mzima kabisa. Mwingine alichambua riwaya kwa ufasaha wa ajabu, Mwalimu akamwuliza jambo dogo tu la katikati, kumbe jamaa alisoma jalada la nyuma basi.

Zamu yangu ilipofika nikachoka kudanganya. Nikasema, "Mwalimu, mimi leo sina nilichomaliza. Niko ukurasa wa 11 na sielewi kitu."

Nilitegemea kuchekwa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya msuli wake. "Tusomee hapohapo ulipokwama, mwanangu."

Nikasoma. Akaniambia nirudie, polepole, nisikimbilie nukta. Kisha akasema, "Wewe unakisoma kama Rosa Mistika. Unatafuta nani kafanya nini. Hebu kisome kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto yake. Humkatizi, wala humwulizi ilikuwa saa ngapi."

Hapo pakawa pamefunguka. Akatukumbusha kwamba Rosa Mistika, ya Kezilahabi huyohuyo, ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, na yeye na wenzake wakiisoma imevalishwa gazeti ili isijulikane. Fundi cherehani akauliza inakuwaje mtu aliyeandika kile kitabu kinachosomeka kama umbea wa jirani aje kuandika hiki mwaka 1990. Tukabishana mpaka kahawa ikabaki machicha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wote watano kuzungumzia kitabu kimoja, tena ambacho wanne hawajakifungua, na wa tano amekwama mwanzoni kabisa.

Tangu siku hiyo hakuna kueleza kitabu kizima. Unataja ukurasa ulipofika, unasoma aya moja kwa sauti, unasema kwa nini umesimama hapo. Ukiniambia kitabu ni kizuri sana, hujanipa cha kushika. Nisomee mistari mitano nitajua mwenyewe kama nakitaka. Na aliye ukurasa wa 6 ana haki sawa na aliye wa 260. (Nagona niliimaliza miezi minne baadaye. Sikuielewa yote, na sasa nasema hivyo bila aibu.)

Kanuni ya pili ilizaliwa kwa ugomvi. Dada fundi alikuwa anasoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kidogokidogo, kati ya gauni na gauni. Siku hiyo alitusomea kuhusu Yasmin, yule binti aliyeozwa kwa Bwana Raza anayemzidi umri kwa mbali, naye dada ana hasira na Raza utadhani ni shemeji yake. Kijana mmoja wetu, aliyeangalia filamu yake ya 2021, akadakia na kumwaga yote mpaka mwisho, na mikono anarusha. Dada akafunga kitabu, akakitia mkobani, akaaga. Hakuonekana miezi miwili. Tulipokwenda kumwomba radhi alitupokea vizuri, akatuandalia chai, ila kitabu tulikiona: kimewekwa chini ya mguu wa cherehani, mashine isicheze. Kijana mwenyewe ndiye aliyepiga magoti kukitoa, akakipangusa vumbi. Sasa kanuni yetu ni hii: huvuki ukurasa wa mwenzako. Kama unajua ya mbele, meza mate.

Mimi nikamwomba dada aniazime kitabu kilekile. "Sijamaliza," akasema. "Lakini chukua, Jumatatu uniletee." Ofisi yake iko njiani kwangu, kwa hiyo kitabu kikawa kinasafiri: siku tatu kwake, siku nne kwangu. Yeye anaweka alama kwa kipande cha kitenge chekundu, mimi kwa tiketi ya mwendokasi. Jalada lina mkunjo wa mguu wa cherehani, nao hautoki. Kitenge chake daima kiko mbele, na najua uchungu wa kukaa na kitabu usiku huku unaona kabisa mwenzako ameshayapita yale unayoyahangaikia. Lakini siendi kuchungulia.

Jumatatu iliyopita nilikikuta kitenge kimerudi nyuma kurasa kama thelathini, kimekaa jirani kabisa na tiketi yangu. Nikamwuliza kulikoni.

"Usingizi tu," akasema, pini zimejaa mdomoni. "Niliposimama nilipasahau. We endelea, nitakukuta."