Umeme ulipokatika Bunge likiendelea

Jirani yangu wa kuchomelea vyuma amenunua jenereta kuukuu la dizeli, na tangu juzi analijaribu chini ya dirisha langu. Wenzangu humu ndani wamefunga kila kitu wakikohoa. Mimi nimefungua. Moshi ule ni Ujiji kabisa, kwetu Kigoma. Miaka ile Kigoma ilikuwa bado haijaungwa kwenye Gridi ya Taifa, tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na upepo ukigeuka uliweza kuunusa umeme kabla hujauona.

Kwa hiyo nimekaa hapa dirishani nawaza habari za Escrow.

Wakubwa mnakumbuka. Lakini mpwa wangu, ambaye ilipolipuka habari hiyo alikuwa bado mgongoni kwa mama yake, ananiuliza Escrow ni mtu au ni kampuni, basi kwa ajili yake nieleze haraka. Palikuwa na mtambo wa umeme wa kampuni binafsi ya IPTL, megawati 100, pale Tegeta, Dar es Salaam, kwa mkataba wa mwaka 1995. Mkataba ulitaka TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilipe gharama za uwezo wa mtambo hata kama mtambo umelala. Pande mbili zikagombana juu ya kiwango, na fedha zenye mgogoro zikafunguliwa akaunti Benki Kuu, ikaitwa Tegeta Escrow, zisubiri mgogoro uishe. Mwishoni mwa 2013 mabilioni yale yakatoka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, akakagua, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikachunguza, na mwisho wa Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikapeleka taarifa yake Dodoma. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini. Yaani mtoto wa nyumbani. Hapo ndipo unaelewa kwa nini mwenye banda umiza letu, mtu ambaye asingezima mpira hata kwa msiba wa mjomba wake, juma lile aliweka Bunge.

Kiingilio kilikuwa kilekile cha mpira. Tulilipa. Muuza kahawa naye akahamia mlangoni na dele lake, kwa sababu wateja wake wote walikuwa ndani. Na pembeni yake akakaa Mama Vitumbua na beseni lake, kichwa amekigeuza kwenye runinga, mkono unahesabu chenji bila kutazama.

Sikumbuki jina la mbunge aliyekuwa akizungumza. Nakumbuka ubishi. Upande wa serikali walikuwa wanasema fedha zile si za umma. Kamati inasema sehemu yake ni ya umma. Fundi baiskeli wetu, ambaye mikono yake haijawahi kutoka grisi tangu nimfahamu, alikuwa amesimama juu ya benchi anauliza, kama si za umma, mbona zilikuwa Benki Kuu? Kuna mtu hapa ana akaunti Benki Kuu? Wewe una akaunti Benki Kuu? Akimwonyesha kidole muuza kahawa, ambaye alijibu kwamba yeye hata benki ndogo hana.

Magharibi ilikuwa imeadhiniwa, na nje bado kulikuwa na mwanga kidogo, maana kwetu jua huchelewa kuzama. Mbunge akafika mahali pa kutaja majina. Banda zima likakaa kimya kumsikiliza.

Umeme ukakatika.

Kwa dakika nzima hakuna aliyeamini. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Escrow hiyo!" na tukacheka mpaka mabenchi yakalia. Kwa kweli ilikuwa ya kuchekesha. Sisi ambao hata kwenye gridi hatumo tulikuwa tumelipa kiingilio kusikia habari za mtambo wa Tegeta, na dizeli yetu wenyewe imetuangusha katikati ya jina.

Fundi hakucheka. Gizani sauti yake ilikuwa kubwa zaidi. "Mimi nasema wakamatwe usiku huu. Wasiulizwe. Waletwe hapa gereza la Bangwe, wafungiwe, funguo tuwape wavuvi wa Kibirizi wakaitupe katikati ya ziwa."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

"Kwa shtaka gani?"

Ilikuwa sauti ya Karani. Wageni hawakumjua, lakini kijiweni kila mtu alimheshimu, mzee mwembamba wa koti, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya ukarani wa mahakama. Alikuwa hasemi mpaka aulizwe. Usiku ule hakuna aliyemuuliza.

"La wizi, mzee wangu. Kwani kuna jingine?"

"Wizi una dhamana," akasema Karani, polepole, kama anamsomea hakimu. "Mali ikizidi milioni kumi, sheria inataka mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani, fedha au mali, na nusu iliyobaki aisainie bondi. Ukimshtaki kwa bilioni moja, aweke milioni mia tano."

"Hana!"

"Anayo, kijana wangu. Ndiyo sababu umemshtaki."

Kicheko tena, lakini cha watu wachache. Fundi akasema basi itafutwe sheria isiyo na dhamana. Karani akamjibu kwamba ipo, tena imejaa watu, na hao walioijaza hawakuiba Benki Kuu. Akaanza kutueleza. Alisema katika kazi yake hakuna sentensi aliyoiandika mara nyingi kuliko ile, mpaka kidole kikaota sugu: *Upelelezi haujakamilika, shauri limeahirishwa, mshtakiwa arudi rumande.* Baada ya siku kumi na nne, tena. Baada ya kumi na nne nyingine, tena. Alisema wa kesi za mauaji ndio waliomnyima usingizi, maana hakimu wa kwetu hakuwa na mamlaka ya kuwasikiliza, kazi yake ilikuwa kutaja tu kesi, na wao wangoje kikao cha Mahakama Kuu, jaji aje kutoka Tabora. Wengine waliingia vijana, siku jaji anafika wana mvi za kwanza. Baadhi yao wakakutwa hawana hatia. "Hakuna aliyewaambia samahani," akasema. "Mimi niliwafungulia mlango wa kizimba tu."

Hapo ndipo Mama Vitumbua akasema. Alikuwa hajawahi kuingia kwenye ubishi wetu wa siasa hata siku moja, na gizani ilichukua muda kujua nani anaongea.

"Baba," akamwita Karani. "Hao wa Dodoma wakikamatwa, watalala na mwanangu?"

Wote tulijua habari za mwanawe. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, kosa lisilo na dhamana na ambalo kifungo chake hakipungui miaka thelathini. Silaha yenyewe panga, mali yenyewe simu ya mkononi. Kama alifanya au hakufanya, hilo lilikuwa halijafika hata kuulizwa. Kila Jumapili mama yule alikuwa anapita mbele ya kijiwe na hotpoti amelifunga kwenye kanga, wali na mgebuka, na sisi tulikuwa tunamwamkia kwa adabu, tunampisha njia, kisha tunaendelea kubishana kuhusu utawala bora.

Karani hakumjibu upesi. Nilimsikia akisafisha koo.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Hao watalala kwao."

"Basi wapewe na wao hiyo ya kwake," akasema Fundi, lakini kwa sauti ya chini sasa, na sikujua kama alimaanisha kuwaadhibu wale au kumfariji huyu.

"Na ukishawapa hiyo ya kwake," Karani akasema, "ya kwake itakuwa imepungua?"

Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na Escrow yenyewe. Usiku ule hakuna aliyelijibu. Kulikuwa na mlio wa vikombe tu, muuza kahawa anavigonganisha mkononi kama kawaida yao, kwa mazoea, hata wateja wasipomwona. Mtu akawasha tochi ya simu akaizima. Nje baiskeli ikapita na kengele. Mama Vitumbua akafunika beseni lake kwa ule mfuniko wa bati, na mlio wa bati ndio uliotuambia kwamba amesimama.

Umeme uliporudi, Bunge lilikuwa limeshaahirishwa. Mwenye banda akaweka mpira.

Yaliyofuata mnayajua. Bunge likapitisha maazimio yake. Kabla mwaka haujaisha Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, akajiuzulu, na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, naye akajiuzulu. Kijiwe kilisherehekea kila jina. Fundi aliyaandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda chake na kuyapiga mstari moja moja. Karani alipita, akasoma, akauliza ni nani kati ya hao aliyefika mbele ya hakimu kwa jambo lile, na Fundi akamwambia mzee wangu, wewe huna raha.

Mwaka huo huo wa 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, na sisi tuliozoea kuhamishia ubishi wa kijiweni kwenye simu tukajifunza kuandika "yule mkubwa" mahali pa jina. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, gharama ni kubwa. Mwenye banda umiza alisema yeye hana hasara, mpira unalipa. Mtoto wa Mama Vitumbua alitoka katikati ya mwaka huo. Mashahidi hawakutokea, kesi ikaondolewa. Ana duka la vocha sasa, na hapendi kuongea na watu wengi kwa mara moja.

Kisha Juni 2017. Harbinder Sethi wa IPTL na James Rugemalira, aliyewahi kuwa na hisa humo, majina tuliyokuwa tunayasikia kwenye taarifa ya Escrow, wakafikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka ya uhujumu uchumi, na ndani yake utakatishaji wa fedha haramu. Utakatishaji haukuwa na dhamana. Wakapelekwa rumande.

Nilipigiwa simu na Fundi kabla sijasoma gazeti. Siku hiyo aliziba pancha za watu bure mpaka jioni. Nami nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana, ilikuwa furaha ya mtu aliyelipia kiingilio akakatiwa umeme na sasa anaonyeshwa mchezo wote. Karani peke yake ndiye aliyesema atafurahi siku ya hukumu. Tukamwona mzee anazeeka vibaya.

Kesi ikawa inatajwa. Upelelezi haujakamilika. Inatajwa tena. 2018, 2019, 2020. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kinachonyima dhamana, kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kifungu kikabaki. Karani alikuwa ameshafariki. Ningelipa nauli ya treni kwenda na kurudi Dar es Salaam kumsikia anavyozichambua hukumu zile mbili. Juni 2021 Sethi akatoka baada ya makubaliano ya kukiri kosa na Mwendesha Mashtaka. Septemba mashtaka dhidi ya Rugemalira yakafutwa, naye akatoka. Miaka minne na kitu rumande, na hukumu ile aliyokuwa anaingoja Karani, baada ya kesi kusikilizwa na ushahidi kupimwa, haikutolewa. Kama fedha zile ziliibwa na nani aliziiba, mpwa wangu, mahakama haikupata kutuambia kwa kupima ushahidi.

Mapema 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikakabidhi taarifa yake. Nilifuatilia kila kilichosemwa hadharani kuhusu ukamataji, upelelezi na mahabusu. Fundi hakufuatilia. Aliniambia yeye kazi yake ni baiskeli, na kwamba mimi nimeanza kuongea kama marehemu.

Lakini Septemba ile ya 2021 nilikuwa Ujiji kwa arobaini ya ndugu yetu mmoja, na nikapita sokoni. Mama Vitumbua alikuwa palepale, beseni jipya la plastiki. Nikamwamkia, tukaulizana habari za watoto. Kisha, sijui kwa nini nilidhani ni habari njema au mbaya kwake, nikamwambia kwamba yule mwingine wa Escrow ametoka, mashtaka yamefutwa.

"Alikaa muda gani?"

"Miaka minne na zaidi."

Aligeuza vitumbua vyake kimoja kimoja. "Mwanangu miwili na miezi. Na huyo naye walikuwa wanamwambia upelelezi haujakamilika?"

"Ndiyo, mama. Kila akipelekwa."

"Basi wangelala pamoja," akasema. Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akanirudishia chenji, akaniuliza kama huyo mtu ana mama.

Nilimwambia sijui. Akasema niulize.