Jiwe Kutoka Mto Mosel

Mwezi wa Oktoba 2016, nikiwa katika mwaka wa pili wa masomo ya uzamili mjini Bonn, Ujerumani, baba alinipigia simu usiku kutoka Bihawana, kijijini kwetu Dodoma, akaniuliza neno ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nizaliwe: ang'oe mizabibu au aiache. Julai ya mwaka huo Rais Magufuli alikuwa ametangaza mjini Dodoma kwamba serikali yote itahamia huko, jambo lililoamuliwa tangu 1973 na kubaki nusunusu, na ndani ya miezi michache watu wenye magari walianza kuingia katika vijiji vya barabara ya Iringa wakiulizia mashamba ya kukata viwanja. Shamba la baba lilikuwa la ekari tatu na nusu, na upande mmoja lilipakana na barabara. Kila wiki mtu alikuja na bei mpya.

Sikumlaumu kwa kuwaza hivyo. Msimu wa mwezi wa tatu, mnunuzi aliyeahidi kuleta lori hakulileta, wala simu hakupokea. Vichala vilikuwa vimekwisha kukatwa na kupangwa katika kreti chini ya mbuyu, na mdogo wangu alinieleza jinsi siku ya tatu maji mekundu yalivyoanza kutoka chini ya kreti na kuchora mfereji mwembamba mchangani, nyuki na nyigu wamejaa, na harufu ya chachu ikifika hadi nyumbani. Baba alikaa karibu na zile kreti mpaka jioni. Pesa za msimu ule ndizo zilizokuwa zimepangiwa ada ya wadogo zangu wawili.

Kwa hiyo nilipomjibu kwamba anipe siku chache nifikiri, moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kumwambia auze.

Wiki hiyohiyo mwenzangu wa maabara, msichana Mjerumani ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za zabibu za kwetu, aliniambia kwamba mjomba wake ana mizabibu katika kijiji kimoja kando ya mto Mosel, mavuno yamefika, na kama ningependa tungekwenda kumsaidia Jumamosi na kurudi Jumapili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tuliondoka Bonn alfajiri, tukafuata mto Rhine hadi Koblenz, mahali Mosel inapoingia katika Rhine, na hapo tukabadilisha treni ya kwenda upande wa Trier. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na kwa muda mrefu sikuona kitu isipokuwa paa za nyumba na minara ya makanisa. Baada ya mji wa Cochem treni iliingia katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilometa 4, ambalo Wajerumani walilichimba katika miaka ya 1870 ili reli isilazimike kuzunguka pamoja na mto. Humo gizani nilikumbuka reli yetu ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na ambayo babu yangu alizoea kuisimulia kana kwamba ni mtu aliyekuja kijijini. Tulipotoka upande wa pili, kwenye kituo kidogo cha Ediger-Eller, ukungu ulikuwa umeinuka, na mbele yangu ulisimama mlima uliopandwa mizabibu kutoka ukingoni mwa mto hadi karibu na kilele.

Nasema ulisimama kwa sababu sina neno jingine. Mlima huo unaitwa Calmont, na mashamba yake yanatajwa kuwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mteremko mkali kuliko yote barani Ulaya. Zipo sehemu ambazo mteremko unapita nyuzi 60, na njia ya miguu inayopita humo ina ngazi na kamba za chuma za kujishikilia. Mimi nimekulia kwenye shamba la tambarare, ambalo mtoto akisimama mwisho wa mstari mmoja humwona mwenzake mwisho wa pili. Sikuweza kuelewa ni shida gani iliyomtuma mtu wa kwanza kupanda mche mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Mjomba wa mwenzangu alikuwa mzee wa makamo ya baba, mwenye viganja vipana vilivyopasuka. Alitugawia mikasi na ndoo, akatuweka pamoja na wavunaji wengine, wengi wao watu kutoka Poland na Romania wanaomjia kila mwaka. Kazi yenyewe niliijua: unashika kichala kwa mkono wa kushoto, unakata kikonyo, unatoa tembe zilizooza, unaweka kwenye ndoo. Nisichokijua kilikuwa namna ya kusimama. Mguu mmoja ulikuwa juu ya mwingine kila wakati, na chini ya viatu kulikuwa na mawe ya kijivu yaliyobanduka vipande vipande kama vigae, yakiteleza na kugongana kwa mlio wa vyungu. Ndoo zikijaa, mwanamume mmoja alizimimina katika tenga kubwa alilobeba mgongoni, akazipeleka hadi kwenye kitoroli chenye injini kilichotambaa juu ya reli moja kuteremka mlima.

Mizabibu yao haikuwekewa waya kama ile niliyozoea kuiona Chinangali, huko kwetu Dodoma. Kila mche ulisimama na nguzo yake ya mti, na matawi mawili yalikuwa yamepindwa kushuka, moja kulia na moja kushoto, hata umbo lake likawa kama moyo. Nilisimama mbele ya mche mmoja nikaufuata kwa macho tangu shina hadi ncha. Shina lilikuwa nene kama paja la mtoto, limejisokota, na magome yake yalining'inia nyuzinyuzi. Ningeutambua mche ule hata kama ningefumbwa macho nikapewa kuupapasa, maana baba alinifundisha kupogoa nikiwa na miaka kumi, na mkono haukusahau.

Saa saba mchana tulikula mkate na supu tukiwa tumeketi ukingoni mwa ukuta wa mawe. Asubuhi nilikuwa nimevaa makoti mawili. Sasa jua lilikuwa limegeukia upande wetu, na ukuta nilioegemea ulikuwa na joto la kweli. Mzee aliona nikiupapasa. Akaokota kibamba cha jiwe akaniwekea mkononi, akaeleza, mwenzangu akinisaidia pale Kijerumani changu kiliposhindwa, kwamba wao wako nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo kwa haki zabibu hazipaswi kuiva, na kwamba kinachoziivisha ni mteremko unaolikabili jua na mawe haya yanayonywa joto mchana na kulitoa usiku. Ndiyo maana watu walipanda mlima. Ardhi ya tambarare waliiachia nafaka.

Na mimi nikamweleza ya kwetu. Nilimwambia kwamba Dodoma iko nyuzi 6 kusini, mita zaidi ya elfu moja juu ya usawa wa bahari, kwamba mvua yetu hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili na baada ya hapo ni vumbi na upepo, na kwamba zabibu zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki. Yote hayo aliyasikiliza kwa adabu. Nilipotaja kwamba tunavuna mara mbili kwa mwaka, aliweka bakuli chini. Aliuliza, basi mzabibu hulala lini? Nikamjibu kwamba kwetu haulali, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mkasi, kwa maana siku unapopogoa ndiyo siku unapoanza kuhesabu, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Kwa hiyo mkulima huchagua majira yake. Alirudia maneno hayo kwa jamaa zake, na nikaona kwamba walikuwa wakinitazama kwa namna nyingine, kama mtu aliyetoka katika nchi ya mafundi.

Jioni ndipo lilipotokea lile lililonifanya niandike kumbukumbu hii. Mzee alituteremsha katika ghala lake chini ya nyumba, mahali penye mapipa yaliyoandikwa kwa chaki. Alituwekea bilauri tatu, akamimina mvinyo kidogo katika kila moja. Zote zilikuwa za zabibu ya Riesling ya mwaka uliotangulia, zilizovunwa na mikono ileile na kukamuliwa kwa mashine ileile. Ya kwanza ilitoka vipande vya chini karibu na mto, ya pili katikati ya mlima, ya tatu juu kabisa tulikokuwa tukivuna. Nilionja moja baada ya nyingine. Hazikufanana. Ya chini ilikuwa laini na tamu, ya kati ilikuwa na ukali wa ndimu, na ile ya juu iliacha ulimini ladha ambayo naweza tu kuilinganisha na harufu ya jiwe baada ya mvua ya kwanza.

Kisha akaniuliza, bila nia mbaya yoyote, "Na mvinyo wa baba yako una ladha gani?"

Nilinyamaza. Baba alikuwa amelima zabibu miaka ishirini na mitatu. Aliijua kila pingili, alijua mche gani hutangulia kuchipua na upi huchelewa, alijua kwamba mistari minne ya karibu na mbuyu huzaa vichala vidogo lakini vitamu kupita vyote. Lakini zabibu zake zilipimwa kwa kilo, zikapakiwa pamoja na za jirani na za jirani wa jirani, na huko zilikokwenda zilikamuliwa kuwa mchuzi katika tangi moja. Hakuna mtu duniani, yeye mwenyewe akiwemo, aliyewahi kuonja mvinyo uliotoka katika shamba lake. Nilimwambia mzee ukweli huo. Hakusema neno la kunipa pole. Alichukua chupa mbili, akafuta vumbi, akaniambia nimpelekee baba.

Usiku ule, mezani, nilijua pia kwamba yeye naye hakuwa salama. Mtoto wake wa kiume alifanya kazi ofisini Koblenz na hakutaka mlima. Nilikuwa nimeviona mwenyewe vipande vilivyoachwa, vichaka vimemeza nguzo, kwa sababu shamba la mteremko namna ile hula saa za kazi mara nyingi kuliko la tambarare, na mashine haziwezi kupanda. Nikawakumbuka kaka zangu wawili walio na bodaboda mjini.

Jumapili, treni ilipokuwa ikirudi Koblenz, nilimpigia baba. Kwetu ilikuwa imefika saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefikiri?"

Nilimsimulia yote, na aliuliza maswali ya mkulima: wanapogoa lini, wanaacha macho mangapi, ndege wanawasumbua? Mwishowe akauliza swali nililolitarajia.

"Kilo moja wanalipwa shilingi ngapi?"

"Huyu hauzi kilo, baba. Anakamua mwenyewe, anauza chupa, na jina la ukoo wake liko kwenye chupa."

Simu ilinyamaza hata nikadhani imekatika. Kisha akasema, akitumia salamu yetu ya Kigogo, "Mwambie mzee huyo mbukwa. Na kama unaweza, niletee pingili moja ya mizabibu yake."

Hilo nilimkatalia, na nilimweleza sababu. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo mno aitwaye filoksera aliingia Ulaya pamoja na miche kutoka Amerika, akanyonya mizizi ya mizabibu nchi baada ya nchi, na mizabibu ya Ulaya ilipona kwa kubebeshwa juu ya mashina ya Kiamerika ambayo mizizi yake humstahimili. Mtu anayesafirisha pingili mfukoni hajui anasafirisha nini. Baba alielewa upesi. Kuhusu kuuza, nilimwomba asiuze lolote mpaka nirudi, na sikuwa na ushauri mwingine wa kumpa.

Nilirudi Agosti 2017, wakati wa mavuno. Shamba lilikuwapo. Mwaka uliofuata baba aliuza ekari moja na nusu ya upande wa barabara, na ada zikalipwa. Zile mbili za upande wa mbuyu alizibakiza. Lakini kabla ya hapo, wiki ileile niliyorudi, tulitenga kreti mbili za mistari minne ya mbuyu, tukazikamua kwa mikono katika beseni, mama akachuja kwa kitambaa, tukaacha mchuzi uchachuke katika ndoo yenye kifuniko. Miezi miwili baadaye baba alionja nusu kikombe. Alifumba macho. Alisema ni mkali, na kwamba safari nyingine tuvune siku nne baadaye.

Kile kibamba cha jiwe nilikuwa nimekiosha vizuri na kukileta ndani ya soksi. Nilimpa baba jioni moja shambani nikamweleza jinsi kinavyonywa joto na kulitoa usiku. Alikigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha, akakilaza chini ya mche wa kwanza wa mstari wa kwanza, akachuchumaa mpaka jua likazama. Giza lilipoingia alikiwekea kiganja.

"Lina joto kweli," alisema. "Ila jua sisi halijatupungukia. Muulize mzee kama anajua jiwe linalotunza maji."

Nilimwandikia mzee swali hilo wiki iliyofuata, neno kwa neno, na mwenzangu akalitafsiri. Jibu lilikuja kwa barua yenye picha ya mlima ukiwa na theluji: jiwe hilo halijui, lakini iwapo baba atalipata, anaomba kipande.