Bangin' on Wax: madongo ya Bloods na Crips kwenye albamu moja

Mtu akiambiwa kwamba mwaka 1993 Bloods na Crips, magenge hasimu ya Los Angeles, walitoa albamu ya rap pamoja, haraka anadhani ni albamu ya amani. Wapi! Bangin' on Wax, iliyotoka kwa lebo ya Dangerous Records chini ya prodyuza Ronnie Phillips, ni madongo mwanzo mwisho. Kazi ngumu ilikuwa kupanga matusi hayo yakae kwenye mkanda mmoja bila upande wowote kuonekana umemezwa.

Mazingira yalisaidia kidogo. Aprili 1992, siku moja kabla ya ghasia za Los Angeles, magenge ya Watts, kitongoji cha jiji hilo, yalikubaliana kusitisha mapigano, na waandishi wa mkataba walitumia mfano wa makubaliano ya Misri na Israel ya 1949. Lakini mkataba huo ulihusu hasa nyumba za serikali za Watts, kama Nickerson Gardens, Jordan Downs na Imperial Courts. Haukufunika jiji zima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: Crips si timu moja. Ni makundi ya mitaa, na mengine yanachukiana kuliko yanavyowachukia Bloods. Rollin 60s na Eight Tray wote ni Crips, na uhasama wao ni wa tangu 1979. Ukikusanya Crips kumi bila kuuliza kila mmoja anatoka mtaa gani, umeingiza vita studio kabla hata Bloods hawajafika.

Sikiliza mpangilio wa albamu. Steady Dippin' ni ya Crips, Piru Love ni ya Bloods, na jina hilo la pili linatoka kwenye mtaa wa Piru, Compton, mji jirani na Los Angeles, kwenye mizizi ya Bloods. Kila upande una uwanja wake wa kujisifu, halafu zipo nyimbo za kurushiana. Ukizichanganya zote kuwa za kupokezana, msikilizaji anachoka kufikia wimbo wa nne.

Hesabu nayo inabana. Biti ya mwendo wa midundo 92 kwa dakika hufanya vesi ya baa 16 (baa moja ni midundo minne) ichukue sekunde 42 hivi. Wachanaji wanne ni karibu dakika 2 na sekunde 47. Ongeza korasi tatu za baa 8, ambazo ni dakika moja na ushee, na wimbo umeshakaribia dakika nne bila utangulizi. Mchanaji wa tano akidai nafasi, wote washuke hadi baa 12, la sivyo anayekatwa atasema kakatwa kwa sababu ya rangi ya genge lake. Na huyo hutaki kubishana naye.

Wachanaji wa mtaani wasiozoea studio wana tatizo moja kubwa: wanaisogelea maikrofoni wakipandwa na hasira. Herufi P na B zinapasuka, sauti inakwaruza. Weka kichujio mbele, umbali wa sentimita 15 hivi, na rekodi mistari minne minne badala ya vesi nzima. Mpangilio wa sauti pia ni muhimu: baada ya sauti nzito ifuate nyembamba. Sauti mbili zinazofanana zikifuatana, msikilizaji hajui nani kamtukana nani, na albamu ya namna hii ikishapoteza hilo imekwisha.

Kuhusu biti, Desemba 1991 mahakama ya New York ilimbana rapa Biz Markie kwa kutumia sampuli, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine, bila kibali, na tangu hapo kila lebo ikawa makini. Njia waliyoipenda wengi wa pwani ya magharibi ya Marekani ilikuwa kuita wanamuziki wapige upya besi na kinanda cha wimbo wa zamani wa funki. Kwa njia hiyo unamlipa mtunzi tu, humlipi mwenye rekodi.

Ukiandika mashairi ya nyimbo hizi, usisahihishe tahajia. Bloods hukwepa herufi C, ndiyo maana Compton huwa Bompton. Crips nao wana uadui na B. Mhariri mwenye nia njema akirekebisha, amehamisha mchanaji upande wa pili.

Albamu ya pili ilitoka 1994, kisha wakagawanyika: Damu Ridas, upande wa Bloods, wakatoa yao 1995, Nationwide Rip Ridaz, upande wa Crips, wakafuata 1996. Zote mbili zina nyimbo nzuri, ila kwangu zinapwaya. Mtu anamtukana adui ambaye hayupo kwenye wimbo kumjibu, na kufikia katikati ya kanda unaanza kuruka nyimbo.