Kariakoo yetu na Kariokor yao

Wiki hii tuna mgeni kutoka Nairobi, ndugu wa mume wa dada yangu. Nilipomwambia Jumamosi tutakwenda Kariakoo kutafuta vitenge, akasema, "Sasa shemeji, unanitoa kwetu unanirudisha kwetu?" Amezaliwa Kariokor, jirani na Ziwani, kwenye lile soko la vyondo na viatu vya ngozi. Tulipokuwa tunapenya Mtaa wa Congo akaniuliza nani alimuiga mwenzake, Dar au Nairobi. Nilimjibu kwa kifupi tu, kwa sababu ya zile kelele. Jibu lenyewe ni refu, na linaniuma kila nikilifikiria.

Hakuna aliyeiga. Ile Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914 iliwakutanisha Waingereza na Wajerumani katika nchi hizi ambazo barabara zilikuwa chache na reli zikiishia njiani. Wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Ikabaki mizigo ibebwe na binadamu: risasi, unga, mahema, hata machela za majeruhi. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi walichokiita Carrier Corps, na kwa upande wa Kenya ya leo wakapitisha sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu wapende wasipende. Wapagazi wakawa na kambi Nairobi, na baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916 wakawa na kambi huku pia. Wenyeji walikiita kikosi kile kwa namna masikio yao yalivyolipokea jina la Kizungu: huku Kariakoo, kule Kariokor. Vita vikaisha Novemba 1918, wapagazi wakaondoka, ardhi ikabaki na jina. Waliohamia baadaye kujenga nyumba na kupanga biashara walilikuta, wakalitumia. Hata Unguja iko Kariakoo, na watoto wa kule wanaijua kwa bembea za sikukuu.

Tangu hapo jina limeendelea kutembea. Soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 limeitwa hivyo hivyo. Simba na Yanga wakikutana uwanjani kule Temeke, bado tunasema ni Dabi ya Kariakoo, kwa kuwa klabu zenyewe zina makao Msimbazi na Jangwani. Kijana anayeishabikia dabi hiyo akiwa Bukoba au Muscat huenda hajawahi kukanyaga mtaa wenyewe. Na jina liko kinywani mwake.

Ninachoshindwa kukipokea ni hiki: walioleta jina hilo wao wenyewe hawana majina. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na vifo vyao vinahesabiwa kwa makumi ya maelfu, karibu laki moja kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliondoka na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wakazikwa pembeni mwa njia walizokuwa wakizipita. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, mkubwa kwa mdogo. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na askari, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Mtu mwenye mama aliyempa jina!

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alituhadithia sana njaa ya Mtunya, ile iliyowamaliza Wagogo kuanzia mwaka 1917, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima. Katika hadithi hizo alikuwamo baba yake mkubwa, ambaye bibi alisema "alikwenda kariakoo, hakurudi." Sisi watoto wa Dar tulidhani mzee alipotelea sokoni, maana kweli watu hupotea pale. Bibi hakuwa anataja mtaa. Alikuwa anataja vita.

Nilimsimulia mgeni wetu haya jana usiku, tukiwa tumemaliza kula. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwao Ukambani wazee nao walikuwa na mtu wa namna hiyo, na walikuwa wakisema vivyo hivyo. Ukoo wake na wangu haukuwahi kujuana hadi dada alipoolewa. Inawezekana wale wawili walibeba mizigo kwenye msafara mmoja, au hawakuonana kamwe.

Mama anasema yuko mjomba wake Mpwapwa ambaye huenda bado analikumbuka jina la yule mzee. Ana umri mkubwa na masikio yamechoka, kwa hiyo simu haitafaa. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa napanda basi. Shemeji naye ameshamwandikia kaka yake Machakos aanze kuuliza.