Simu ya tano kwa dada: wasiwasi wa mzazi na pa kuupeleka

Saa nne asubuhi mzazi yuko kazini Mtumba, Dodoma, mtoto wa mwaka na nusu kabaki Nkuhungu na dada wa kazi. Simu ya kwanza: "Dada, Neema kala?" "Kala uji wote, mama." Baada ya dakika ishirini anapiga tena: mbona nasikia analia? Simu ya tatu haipokelewi, maana dada yuko uani anaanua nguo. Hapo moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, magoti yanalegea. Simu ikipokelewa, mzazi anashusha pumzi.

Nafuu hiyo ndiyo inayoulisha wasiwasi. Mwili unajifunza kwamba mtoto amepona kwa sababu ya simu, na haupati nafasi ya kuona kwamba angekuwa salama hata usingepiga. Kesho utadai simu moja zaidi. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayeamka kila saa usiku kumwekea mtoto kidole puani asikie kama anapumua, au anayempima joto mara sita kwa siku ilhali hana dalili yoyote.

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimekuja bila bibi wala shangazi. Nyumba ni mpya, majirani hamjuani, na hakuna mtu mzima wa kumwambia mzazi kijana kwamba mafua ya mtoto kipindi cha upepo na vumbi ni jambo la kawaida. Kwa hiyo wasiwasi wenyewe si aibu, na sehemu yake ina haki. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, ndoo ya maji ifunikwe, dawa ziwekwe juu: hayo hufanywa mara moja, yakaisha. Unaobaki baada ya kuyafanya yote ndio wa kushughulikiwa, hasa ukiwa umedumu zaidi ya wiki mbili na umekula usingizi, kazi au maelewano ya nyumbani.

Usianze kwa kukata simu zote, kwani utashindwa siku ya kwanza na kuvunjika moyo. Kama ni simu nane, shuka hadi sita kwa siku nne, kisha nne, hadi ubaki na mbili zenye saa maalumu, tuseme saa nne na saa nane. Kubaliana na dada kwamba yeye ndiye atapiga mtoto akipata homa, akitapika au akianguka. Hamu ya kupiga nje ya saa hizo ikikujia, andika kwenye daftari hofu iko ngapi kati ya 0 na 10, kisha iandike tena kila baada ya dakika kumi. Kwa kawaida hupanda, husimama, halafu hushuka yenyewe. Namba hizo ulizoandika kwa mkono wako zina nguvu kuliko maneno ya mtu yeyote ya "usijali". Wengi hukwama pale wanapoacha kupiga kisha wakamtumia jirani ujumbe akachungulie. Hiyo ni simu ileile kwa mlango mwingine. Na mtoto akiwa anaumwa kweli, sitisha zoezi umuuguze.

Pumzi husaidia, lakini watu wengi hufundishwa vibaya. Kuvuta hewa nyingi kwa kasi hupunguza mno hewa ukaa mwilini, ndiyo maana midomo na vidole hufa ganzi na kichwa kuzunguka, na mtu akaamini anakufa. Vuta polepole kwa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika 5. Jizoeze ukiwa umetulia, si siku ya kimbunga tu. Mimi sioni pumzi kama tiba yenyewe. Ni ya kukuwezesha kukaa na hofu mpaka ishuke.

Kuhusu mahali pa kwenda, Dodoma ina bahati ambayo wakazi wake wengi wanaikimbia kwa sababu ya jina. "Utapelekwa Mirembe" ni tusi la mtaani, na inauma, kwa sababu hospitali hiyo ya magonjwa ya akili iliyoanza 1927 huona pia watu wanaotoka kazini, wanazungumza na mtaalamu, wanarudi nyumbani kupika. Anayeogopa lango lile aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa. Uliza mapema kuhusu bima na rufaa, ili usipoteze siku nzima.

Mbele ya daktari, usiseme tu "nina mawazo" au "moyo unanisumbua". Ukisema hivyo unaweza kutoka na dawa za vidonda vya tumbo. Sema umeanza lini, ni siku ngapi kwa wiki, unalala saa ngapi, na umeacha kufanya nini. Kubali vipimo vya damu na vya tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi pia huleta mapigo ya kasi. Kisha omba waziwazi kuonana na mnasihi au msaikolojia.

Kikao huchukua dakika 45 hadi 60, na mara nyingi huhitajika vikao 6 hadi 12. Muulize mnasihi siku ya kwanza: "Utanipa nini nikafanye nyumbani?" Kama vikao vitatu vimepita unaambiwa tu "punguza mawazo", tafuta mwingine bila kuona haya. Ukiandikiwa dawa za wasiwasi kama sertraline au fluoxetine, tegemea wiki 2 hadi 6 kabla ya nafuu, tena siku za mwanzo unaweza kuhangaika zaidi. Usiache ghafla, na kama unanyonyesha sema mapema. Diazepam ya kujinunulia dukani iogope: inatuliza upesi, lakini ndani ya wiki chache mwili unaweza kuizoea na kuidai.

Mama aliyejifungua karibuni anaweza kujiwa na picha ya kutisha, kama vile kumwangusha mtoto, ikamkirihi mpaka akaogopa kumbeba. Kukirihika huko ni dalili ya wasiwasi, na kunatibika. Amwambie mnasihi bila kuficha. Lakini akianza kusikia sauti, kuamini mtoto si wake, au kuona ni sawa kumdhuru mtoto au kujidhuru, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Na dada umweleze mpango wote kabla hujauanza. Simu nane kwa siku zilimfanya ajione anashukiwa, na zikikatika bila maelezo anaweza kudhani umemkasirikia. Kaeni jioni mtoto akishalala, mpange zile saa mbili, na mwachie vocha ya kukupigia yeye.